Kutumwa na Kutumiwa: Ujana wa Bondia na Magenge ya Uhalifu katika Masimulizi ya Barney Ross na Sonny Liston

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna masimulizi ya maisha ya mabingwa wa ndondi yanavyoeleza uhusiano wa bingwa na magenge ya uhalifu katika miaka ya ujana wake. Data kuu ni masimulizi yanayomhusu Barney Ross wa Chicago, yakilinganishwa na filamu ya Body and Soul ya 1947 na masimulizi yanayomhusu Sonny Liston. Uchambuzi unaongozwa na tofauti iliyomo katika Kiswahili kati ya kutumwa na kutumiwa. Makala yanadai kwamba simulizi la Ross linahifadhi picha ya mtoto aliyetumwa na hivyo kuligeuza genge kuwa mlezi, ilhali filamu inamwonyesha mtu aliyetumiwa. Kwa upande wa Liston, ambaye hakuandika simulizi lake, uhusiano wa aina hiyohiyo uligeuzwa kuwa tabia yake ya kuzaliwa. Hitimisho ni kwamba hukumu ya jamii juu ya ujana wa bingwa hutegemea sana ni nani aliyeshika kalamu.

1.0 Utangulizi

Masimulizi ya mabingwa wa ndondi yana mkondo unaojulikana. Mtoto huzaliwa katika ufukara, mtaa humfunza ukatili, mwalimu fulani humwonyesha glavu, na ulingo humtoa gizani. Katika mkondo huu uhalifu wa utotoni una nafasi maalumu: ni shimo ambalo shujaa hupimwa kwa urefu wa kupanda kwake kutoka humo. Kadiri shimo lilivyo refu ndivyo ushindi unavyong'aa. Kwa sababu hiyo, wasimulizi wengi hawauoni uhalifu wa utotoni kuwa aibu ya kuficha, bali mtaji wa kusimulia.

Uhakiki wa tawasifu na wasifu haupaswi kuridhika na mkondo huo. Swali la msingi si kama bingwa alihusiana na magenge. Katika Marekani ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, mabondia waliokulia katika mitaa ya wahamiaji na ya watu weusi hawakuwa na njia rahisi ya kuyakwepa magenge hayo, kwa kuwa watu haohao waliotawala kamari na pombe ya magendo walikuwa pia na mkono katika ulingo. Swali la kihakiki ni hili: uhusiano huo unasimuliwaje, na nani, na kwa manufaa ya nani?

Makala haya yanalijibu swali hilo kupitia watu wawili. Wa kwanza ni Barney Ross, aliyezaliwa New York mwaka 1909 kwa jina la Rosofsky na kukulia Chicago, ambaye katika miaka ya 1930 alishinda ubingwa wa dunia wa uzani mwepesi, wa welta mdogo na wa welta. Wa pili ni Charles Liston, maarufu kama Sonny, aliyetwaa ubingwa wa uzani mzito mwaka 1962. Wote wawili walilelewa na mtaa kabla ya kulelewa na ulingo. Wote wawili majina yao yametajwa pamoja na majina ya vigogo wa uhalifu. Hata hivyo, mmoja anakumbukwa kwa upendo na mwingine kwa woga, na tofauti hiyo haielezwi na matendo yao peke yake.

2.0 Kutumwa, Kutumiwa na Kutumika: Dhana za Uchambuzi

Kiswahili kinampa mhakiki wa masimulizi haya chombo ambacho kimo ndani ya mnyumbuliko wa kitenzi kimoja. Kutokana na mzizi -tuma tunapata kutumwa, yaani kupewa ujumbe au kazi ya kupeleka. Kutokana na -tumia tunapata kutumiwa, yaani kufanywa chombo cha haja ya mwingine. Umbo hilohilo la kutumiwa lina maana nyingine pia, ya kupelekewa kitu, kama mtu anapotumiwa fedha. Kisha lipo kutumika, ambalo linachukua pande zote mbili: humaanisha kutoa huduma na pia kufaa kwa matumizi. Majina yanayotokana na mzizi huu yanatandaa kutoka juu kabisa hadi chini kabisa ya daraja za heshima: mtume, mtumishi, mtumwa.

Katika malezi ya Waswahili na ya jamii nyingi za Afrika Mashariki, mtoto anayetumika ni mtoto mwema. Mzee yeyote wa mtaa ana haki ya kumtuma dukani, na mtoto anayekataa huhesabiwa kuwa amekosa adabu. Utamaduni huo umejengwa juu ya dhana kwamba anayemtuma mtoto ni sehemu ya ulezi wake. Ndiyo maana neno kutumwa, linapotumiwa kueleza kazi za mtoto, hubeba kivuli cha usalama. Msikilizaji huona ukoo, ujirani na adabu.

Kivuli hicho ndicho kinachohitaji kuchunguzwa. Mtoto anayetumwa na genge hufanya tendo lilelile kwa mwonekano wa nje: hupokea kifurushi, hukimbia, hukabidhi, hurudi. Kinachobadilika ni uhusiano. Anayemtuma mtoto kwa ulezi hujitwika jukumu juu yake. Anayemtumia mtoto humtwika yeye hatari ambayo angeibeba mwenyewe. Katika sehemu zinazofuata, kutumwa kutachukuliwa kuwa jina la uhusiano wa kwanza na kutumiwa kuwa jina la uhusiano wa pili, na kila simulizi litaulizwa ni lipi kati ya hayo mawili linalichagua, na ni lipi linalifunika.

3.0 Mtoto wa Maxwell Street na Nafasi ya Baba Aliyekufa

Matukio ya msingi ya ujana wa Ross yanajulikana. Baba yake, Isidore, alikuwa mhamiaji Myahudi na msomi wa Talmudi aliyeendesha duka dogo la vyakula karibu na Maxwell Street, mtaa wa soko wa Wayahudi maskini wa Chicago. Mtoto alitarajiwa kufuata njia ya elimu ya dini, na ugomvi wa ngumi haukuwa jambo la kusifiwa nyumbani humo. Ross alipokuwa na umri wa takriban miaka 14, baba yake aliuawa kwa risasi dukani na majambazi. Mama alivunjika moyo na afya yake ya akili ikadhoofika. Wadogo wa Ross wakapelekwa katika kituo cha yatima. Kijana aliyebaki mtaani aliiacha dini kwa hasira, akaingia katika ugomvi, wizi na kazi ndogondogo za magenge, na akajiwekea lengo moja: kupata fedha za kutosha kuirudisha familia chini ya paa moja. Ndondi zikawa njia. Alianza kulipwa kama bondia mwaka 1929, na tarehe 23 Juni 1933 alimshinda Tony Canzoneri katika jiji lake la Chicago na kutwaa mikanda miwili usiku mmoja. Familia ikarudishwa pamoja.

Ndani ya matukio haya masimulizi yameweka jina la Al Capone. Husimuliwa kwamba Ross na vijana wenzake walitumwa na kigogo huyo wa pombe ya magendo katika miaka ya marufuku ya pombe, na kwamba baadaye Capone alinunua tiketi za mapambano ya awali ya Ross ili kumwinua kijana wa nyumbani. Ikiwa kila sehemu ya habari hizo ni kweli au imetiwa chumvi ni suala la wanahistoria. Mhakiki wa fasihi anavutiwa na mahali habari hizo zinapokaa katika muundo wa simulizi.

Zinakaa katika nafasi iliyoachwa wazi na baba. Baba wa kwanza alimpa mtoto kitabu na katazo, akauawa. Mtu mzima wa pili anayejitokeza akiwa na uwezo wa kumlisha kijana na kuijua shida yake ni kigogo wa genge. Simulizi halitamki kuwa Capone alikuwa baba wa pili, lakini mpangilio wa matukio unamweka hapo. Kinaya ni kikubwa: mtoto aliyefanywa yatima na bunduki ya majambazi anapata faraja kwa mwajiri wa wenye bunduki. Uchumi wa mtaa wa Chicago katika miaka ya marufuku ulikuwa umewafanya wavunja sheria kuwa waajiri wakubwa, na wizi wa dukani na himaya ya Capone vilikuwa sehemu za mazingira yaleyale. Simulizi la kawaida la Ross linavitenganisha. Wauaji wa baba ni majambazi wasio na sura. Capone ni mfadhili mwenye jina.

Wakati wa kusimulia nao una maana. Capone alihukumiwa mwaka 1931 kwa kukwepa kodi ya mapato, hivyo usiku Ross alipotwaa ubingwa kigogo huyo alikuwa gerezani. Alifariki mwaka 1947. Tawasifu ya Ross, No Man Stands Alone, ambayo aliiandika pamoja na Martin Abramson, ilitoka mwaka 1957. Kati ya tukio na kitabu kuna zaidi ya miaka 30, vita vya Guadalcanal ambako Ross alijeruhiwa na kutunukiwa nishani ya Nyota ya Fedha, uraibu wa mofini uliotokana na matibabu ya majeraha hayo, na matibabu ya kujinasua katika hospitali ya Lexington, Kentucky. Msimulizi wa 1957 alikuwa shujaa wa vita aliyekwisha kuungama udhaifu mkubwa kuliko ule wa kutumwa na genge. Mfadhili aliyekufa hawezi kudai malipo wala kukanusha. Fadhila yake imekuwa salama kusimuliwa kwa sababu haina tena mwenyewe wa kuja kuidai.

Jina la kitabu linatangaza kwamba hakuna mtu asimamaye peke yake. Ni falsafa ya shukrani, na shukrani ni adili linaloheshimiwa katika kila utamaduni. Lakini shukrani ina hatari yake kama kanuni ya usimulizi, kwa sababu huwapanga watu kwa kipimo cha kile walichompa msimulizi, na kukiacha nje kile walichowanyang'anya wengine. Mkono uliomnunulia kijana mmoja tiketi unaonekana. Nyumba zilizofiwa kwa sababu ya mkono huohuo hazionekani, ingawa mojawapo ya nyumba zilizofiwa kwa bunduki ilikuwa ya msimulizi mwenyewe.

4.0 Bahasha ya Dola Moja

Kuna maelezo mengine ya Ross yanayostahili kusomwa kama matini. Miongoni mwa vijana aliokua nao alikuwa Jack Rubenstein, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Jack Ruby, mtu aliyempiga risasi Lee Harvey Oswald huko Dallas mnamo Novemba 1963. Ross alihojiwa na makachero wa FBI kuhusu ujana wa rafiki yake. Alieleza kwamba kundi lao la vijana lilifanya kazi ndogo za Capone zisizo na madhara. Kwamba Capone aliweza kumpa kijana dola moja ili apeleke bahasha kwa mtu katikati ya jiji. Na kwamba, kwa maoni ya Ross, alifanya hivyo ili vijana wajione kuwa wanafanya kazi na wasizurure mitaani. Ripoti ya Tume ya Warren ya 1964 iliibeba dhana hiyo ya kazi zisizo na madhara.

Muktadha wa maelezo haya haufanani na ule wa tawasifu. Hapa Ross hajipambi yeye mwenyewe, bali anamkinga rafiki anayekabiliwa na kesi ya mauaji. Hata hivyo mbinu ni ileile. Bahasha inaonekana, yaliyomo ndani hayaonekani. Nia ya mtumaji inaelezwa kwa niaba yake na aliyetumwa, na inaelezwa kwa lugha ya ulezi: kigogo aliwaajiri watoto ili wasizurure. Kwa maneno mengine, mtu ambaye biashara yake ndiyo iliyoufanya mtaa kuwa wa hatari anasifiwa kwa kuwaepusha watoto na hatari za mtaa.

Hakuna sababu ya kudhani kwamba Ross alidanganya. Inawezekana kabisa kwamba hivi ndivyo alivyoelewa jambo hilo akiwa na umri wa miaka 15, na kwamba hakupata kamwe sababu ya kulielewa upya. Hapa ndipo tofauti ya kutumwa na kutumiwa inapotufaa. Mtoto hujua kwamba ametumwa. Hajui kwamba ametumiwa, kwa sababu maarifa ya kutumiwa yamo ndani ya bahasha. Tawasifu inayosimuliwa kwa macho ya mtoto bila kuyasahihisha kwa macho ya mtu mzima hubaki na dola moja mkononi na bahasha ambayo haikufunguliwa. Huu ndio udhaifu mkuu wa masimulizi ya Ross. Kwa namna fulani ndio mvuto wake pia: msomaji anapewa ruhusa ya kubaki mtoto pamoja na shujaa.

5.0 Filamu Inayofungua Bahasha

Miaka 10 kabla ya tawasifu, filamu ya Body and Soul, iliyoongozwa na Robert Rossen kwa mswada wa Abraham Polonsky, ilikuwa imekwisha kuifungua bahasha hiyo. Filamu hii, ambayo John Garfield aliigiza humo kama bondia Charley Davis, inatambuliwa kuwa ilichota sehemu ya visa vyake katika maisha ya Ross. Baba wa Charley ana duka dogo la peremende. Anauawa kwa bomu lililolenga mahali pa kuuzia pombe haramu jirani na duka lake. Mama anamtaka mwanawe asome. Umaskini unapofikia hatua ya kuomba msaada wa hisani, Charley, kwa kiburi na uchungu, anachagua ulingo.

Mabadiliko ambayo Polonsky aliyafanya ni ya kimsingi. Kwanza, kifo cha baba kinaunganishwa waziwazi na biashara ya magenge: bomu si la mwizi asiye na jina, bali ni tukio la vita vya wafanyabiashara ya pombe. Pili, kigogo wa uhalifu, anayeitwa Roberts, hamjii Charley kama mfadhili wa utotoni. Anamjia kama mbia, halafu kama mmiliki. Fedha anazompa zinaandikwa katika hesabu, na hesabu hiyo inakuja kudaiwa siku Charley anapoambiwa auze pambano la ubingwa. Katika filamu hii kila fadhila ina risiti.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi kwa mjadala huu, filamu inaweka kando ya Charley bondia mweusi, Ben Chaplin, aliyeigizwa na Canada Lee, ambaye maishani alikuwa amewahi kuwa bondia wa kulipwa. Ben ni bingwa mwenye jeraha la ubongo. Wanaomiliki mchezo wanalijua jeraha hilo, nao wanampeleka ulingoni kukutana na Charley kwa ahadi ambayo haitatekelezwa. Charley anatwaa ubingwa juu ya mwili wa mtu huyo. Ben hana baba anayesimuliwa, hana mtaa unaomngoja, hana kigogo anayemnunulia tiketi kwa mapenzi. Anatumiwa mpaka anapokwisha, kisha anakufa. Filamu inadokeza kwamba chini ya simulizi la kijana mweupe anayepanda kuna simulizi jingine la mtu ambaye hata uhusiano wake na genge haukupata kuvikwa vazi la fadhila. Sonny Liston aliishi simulizi hilo la pili.

6.0 Liston: Bingwa Asiye na Kalamu

Liston alizaliwa Arkansas katika familia kubwa ya wakulima maskini waliolima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno. Kuzaliwa kwake hakukuandikishwa, na miaka inayotajwa haikubaliani. Akiwa kijana alimfuata mama yake mjini St. Louis, na huko akaingia katika unyang'anyi. Mwaka 1950 alifungwa katika gereza la jimbo la Missouri huko Jefferson City. Ndani ya gereza kasisi alimwonyesha glavu. Alipotoka mwaka 1952, wenye uwezo wa kumfungulia mlango wa ndondi za kulipwa walikuwa watu wenye uhusiano na magenge ya St. Louis, na baadaye mkataba wake ukawa mikononi mwa watu wa Frankie Carbo na Blinky Palermo, vigogo waliozishika ndondi za Marekani kwa siri katika miaka ya 1950 na waliohukumiwa vifungo virefu mwaka 1961.

Ukiwekwa kando ya ule wa Ross, mfuatano huu una mifupa ileile: ufukara, utoto usio na ulinzi wa baba, wizi wa mtaani, mtu mwema anayeonyesha glavu, na genge linalosimama mlangoni. Lakini nyama iliyovikwa mifupa hiyo ni tofauti kabisa. Kwa Ross, mazingira ndiyo yaliyomwingiza katika uhalifu na moyo wake ndio uliomtoa. Kwa Liston, waandishi wengi wa magazeti wa wakati wake walisema kinyume: uhalifu ulikuwa moyo wake, na ndondi zilikuwa mazingira tu yaliyompa nafasi ya kuuonyesha. Alielezwa kwa lugha ya wanyama na mazimwi. Maneno ya malezi, ambayo kwa Ross yalitolewa hata kwa Capone, kwa Liston hayakutolewa hata kwa kasisi.

Sababu moja ya tofauti hii ni rangi, na haipaswi kupuuzwa. Sababu nyingine ni ya kifasihi. Liston hakujua kusoma wala kuandika. Mnamo Desemba 1960 aliitwa mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyoongozwa na Estes Kefauver kuhojiwa kuhusu watu waliommiliki, na kutojua kwake kusoma kulikuwa sehemu ya yaliyojitokeza hapo. Mtu aliyetia sahihi mikataba asiyoweza kuisoma ndiye kielelezo kamili cha kutumiwa. Bahasha ya Ross ilikuwa imefungwa. Ya Liston ilikuwa wazi mbele yake, na bado hakuweza kujua kilichomo. Hata hivyo, katika simulizi lililoenea, mahojiano hayo hayakumpa sura ya mtu aliyetumiwa. Yalimpa sura ya mshirika.

Matokeo yalikuwa halisi. Mwaka 1962 mamlaka za ndondi za New York zilimnyima leseni kwa sababu ya watu aliohusiana nao, na pambano lake la ubingwa na Floyd Patterson likafanyika Chicago tarehe 25 Septemba mwaka huo. Liston alishinda katika raundi ya kwanza. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akirudi Philadelphia, alikoishi, alijiandaa kuzungumza na umati wa kumpokea, akakuta uwanja wa ndege hauna umati wowote. Chicago, jiji ambalo kwalo kumjua Capone kulikuwa nakshi katika wasifu wa bingwa mmoja, ndilo lililoshuhudia bingwa mwingine akivishwa taji huku wakuu wa jamii, weupe kwa weusi, wakiwa wameomba asishinde.

Wasifu wa Liston uliokuja kujulikana sana, wa Nick Tosches, ulitoka mwaka 2000, miaka 30 baada ya bondia huyo kufariki. Jina lake, The Devil and Sonny Liston, linastahili kuwekwa kando ya jina la tawasifu ya Ross. Kwa Ross, mtu hasimami peke yake kwa sababu ana wenzake. Kwa Liston, aliyesimama kando yake ni Shetani. Tosches ana huruma na Liston na anakazia umiliki wake na wengine, jambo ambalo ni hatua mbele. Lakini huruma hiyo inakuja kwa kauli ya mwingine. Nafsi ya kwanza haimo. Msomaji anamwona mtu aliyetumiwa, ila hasikii mtu huyo angesema nini kuhusu waliomtumia, wala kama kuna yeyote kati yao ambaye angemshukuru.

7.0 Hoja Kinzani

Inaweza kujibiwa kwamba ulinganisho huu hauna haki. Ross alibeba bahasha. Liston aliwapiga na kuwanyang'anya watu, na baada ya gereza la kwanza alifungwa tena kwa kumshambulia polisi. Capone alitoweka katika maisha ya Ross kabla ya ubingwa. Carbo na Palermo walikuwa ndani ya mkataba wa Liston wakati akiuwania. Isitoshe, Ross alikuwa na ushahidi wa maisha ya baadaye: alikataa pambano lake na Henry Armstrong lisimamishwe mwaka 1938, akamaliza raundi zote 15 akiwa anashindwa, na katika mapambano 81 hakuangushwa kwa pigo la kumaliza mchezo. Alijitolea vitani akiwa na umri ambao hakuna ambaye angemlaumu kwa kubaki nyumbani.

Hoja hizi zina uzito, na makala haya hayadai kwamba watu hawa wawili walikuwa sawa kimatendo. Yanadai jambo finyu zaidi: kwamba tofauti ya matendo haitoshi kueleza tofauti ya usimulizi. Kama kipimo kingekuwa ni matendo, ujana wa Ross, ambao kwa maelezo ya masimulizi yenyewe ulikuwa na wizi na ugomvi, ungehojiwa zaidi kidogo. Na ujana wa Liston ungeelezwa kwa sababu zake zaidi kidogo. Aidha, hoja kwamba Liston alibaki na magenge na Ross aliondoka inasahau kuuliza mlango wa kuondokea ulikuwa wapi. Ross alikuwa na mameneja, Sam Pian na Art Winch, na jumuiya ya Wayahudi wa Chicago iliyomhesabu kuwa fahari yake. Mfungwa mweusi wa Missouri mwaka 1952 alikuwa na glavu, na watu wawili watatu waliokuwa tayari kumlipia nauli. Ndondi hazikuwa mlango wa kutokea nje ya nyumba ya magenge. Zilikuwa chumba kingine cha nyumba hiyohiyo.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba uhusiano wa utotoni kati ya bingwa na magenge una maana tatu tofauti katika matini zilizochunguzwa. Katika masimulizi ya Ross ni kutumwa: genge linavikwa sura ya mlezi na mtoto anabaki safi. Katika Body and Soul ni kutumiwa: fadhila inafichuliwa kuwa mkopo. Katika masimulizi yaliyomzunguka Liston uhai wake ni kutumiwa kulikogeuzwa kuwa hatia ya mtumiwa mwenyewe. Mpito kutoka maana moja hadi nyingine hautegemei uzito wa kosa pekee. Unategemea nafsi inayosimulia, wakati wa kusimulia, na kama waliohusika wangali hai kudai au kukana.

Kwa wahakiki na walimu wa fasihi ya Kiswahili, jambo hili lina maana ya vitendo. Masimulizi ya mabingwa hutafsiriwa, huigizwa na kusimuliwa upya kwa vijana, mara nyingi kama mafunzo ya maadili. Mfasiri anayeandika kwamba kijana alitumwa na Capone amekwisha kuhukumu, hata kama hakukusudia, kwa kuwa neno hilo linamleta kigogo katika kibaraza cha wazee wa mtaa. Anayeandika kwamba alitumiwa naye amehukumu. Hakuna neno lisiloegemea upande katika mzizi huu, na ni heri mfasiri achague akijua.

Asiyefunzwa na mamaye, wahenga walisema, hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo kwa kawaida humwelekezea mtoto kidole. Masimulizi ya Ross na Liston yanaonyesha kwamba kidole hicho kinaweza kuelekezwa kwingine pia: kwa ulimwengu wenyewe, kuuliza ni nani waliokuwa walimu wake, walilipwa nini kwa kazi hiyo, na kwa nini mwanafunzi mmoja alipewa kalamu ya kuwashukuru ilhali mwingine aliachwa abebe jina lao.